Chemsha bongo ya kila siku na marafiki: mwongozo kamili wa kuianzisha isife wiki ya pili

Wengi wameanza, wachache wamefika wiki ya tatu. Siku ya kwanza wanajibu wote, vicheko vimejaa, kila mtu anataka kesho ifike. Siku ya tisa wanajibu wanne. Siku ya kumi na mbili muulizaji anatuma maswali, anaziona tiki za bluu, na kimya. Nimeulizwa tatizo ni nini mara nyingi mno, sasa nimeona niliandike lote mahali pamoja.

Mchezo huu ni nadra kufa kwa sababu maswali ni magumu. Unauawa na ubishi. Swali lina majibu mawili, mmoja ananyimwa pointi, anaona ameonewa, kesho yake hatokei. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote humu ni Hatua ya 4, ya kulichuja swali. Ukiwa na haraka ruka nyingine, hiyo usiiruke.

## Mahitaji

- Watu saba. Watano wanatosha, tisa ni mwisho. Wakizidi hapo, mtu hahisi pengo lake asipokuwepo, na akishajua hakumbukwi hatorudi.
- Kaunta buku moja, kwaya mbili. Hesabu za pointi zisikae kwenye simu. Simu inaibwa, inaanguka kwenye ndoo, inafutwa na mtoto.
- Kalamu mbili, nyeusi ya maswali na nyekundu ya majibu.
- Simu yenye WhatsApp kwa anayeuliza. Wengine wanaweza kuwa na kitochi na kujibu kwa SMS. Kijiweni kwetu Temeke bingwa wa miezi miwili mfululizo alikuwa mzee wa kitochi.
- Nusu saa ya utulivu kwa mwenye zamu. Hii ndiyo inayowashinda watu wengi.
- Mahali pa kukutana mara moja kwa wiki: baraza, genge la kahawa, kibaraza cha duka la Mangi.

Pesa hazihitajiki, na nitaeleza huko chini kwa nini zisiingizwe hata kidogo.

## Hatua ya 1: Chagueni saa moja, iandikwe

Sisi tunatumia saa tatu kamili usiku. Taarifa ya habari ya saa mbili imeshasikilizwa, watu wameshakula, na mechi za Ulaya za katikati ya wiki bado, kwa sababu kwa saa zetu nyingi huanza saa nne au saa tano usiku. Ukiweka saa kumi na mbili jioni, nusu ya wachezaji wako wamening'inia mlangoni kwenye daladala.

Saa isihame. Leo saa tatu, kesho saa nne kasoro, keshokutwa "nitawajulisha", na tayari mmeshazika mchezo. Mwezi pekee wa kuihamisha ni Ramadhani, kwa ajili ya wanaosali tarawehe. Hapo semeni saa nne na nusu mwezi mzima, kisha mrudi kwenye saa yenu.

Utajua hatua hii imekaa sawa siku muulizaji atakapochelewa dakika tano na mtu akauliza, "Vipi leo, umelala?"

## Hatua ya 2: Kila mtu awe na siku yake

Kosa nililolifanya mwenyewe mwanzoni: nilijifanya muulizaji wa kudumu. Nilikuwa mwanzilishi, nikaona ni heshima. Baada ya siku kumi na nane nilikuwa nimechoka, na maswali yangu yote yalikuwa ya historia na mpira, kwa sababu ndivyo ninavyovipenda. Fundi cherehani wetu akaniambia bila kuficha, "Kaka, hii siyo chemsha bongo, hii ni chemsha bongo yako."

Mkiwa saba, kila mmoja achukue siku moja ya wiki na aishike. Fundi atauliza vitambaa, mama ntilie atauliza viungo na bei, dereva atauliza barabara. Siku yako unapouliza hupati pointi, na kwa kuwa kila mtu anakosa siku moja kwa wiki, hesabu zinabaki sawa bila fomula yoyote. Mkiwa watano au tisa, endeleeni kwa mzunguko badala ya siku za wiki, na mshindi mhesabu mwisho wa mzunguko.

Mwenye zamu akipata dharura, abadilishane siku na mwenzake kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo ni kuchelewa, na kuchelewa kunamgharimu pointi moja. Adhabu ndogo namna hiyo inauma kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 3: Maswali matano, kila moja na fungu lake

Matano, siyo kumi. Maswali kumi yanafanana na mtihani, na watu walishamaliza shule. Matano mtu anayajibu akiwa amesimama.

La kwanza ni la mfukoni. Kitu ambacho mtu anakishika au kukiona kila siku bila kukitazama. Hili ndilo fungu tamu kuliko yote, na ndilo watu wanalolisahau wanapotunga. Jaribu: kwenye noti ya shilingi 5,000 kuna mnyama gani? Tembo wa noti ya 10,000 wengi wanamkumbuka. Simba wa 2,000 pia. Hiyo ya 5,000 utaona mtu mzima anatazama juu, anafumba macho, kisha anaingiza mkono mfukoni kimyakimya. (Ni kifaru.) Swali la namna hii halichagui aliyesoma na asiyesoma, muuza karanga ana nafasi kuliko mhasibu.

La pili ni la habari. Jambo lililotangazwa ndani ya siku tatu zilizopita, hasa la wilaya au mkoa wenu. Lina tahadhari zake. Tutalirudia kwenye Hatua ya 5.

La tatu ni la nchi: historia, jiografia, sheria, mikoa.

La nne ni la dunia au michezo. Usijaze Simba na Yanga kila siku, tafadhali. Mara moja kwa wiki inatosha, la sivyo ugomvi wa Kariakoo unahamia kwenye daftari.

La tano ni la mtaani, jibu ambalo halipo popote isipokuwa kwenu. Duka la Mangi lina kufuli ngapi mlangoni? Mti ulio mbele ya msikiti ni mti gani? Daladala za njia yetu zina mstari wa rangi gani ubavuni? Google hawezi kusaidia hapa. Mtu anayetaka pointi lazima awe amepita akiwa macho, na kesho yake asubuhi utawaona watu wazima wanahesabu ngazi za ofisi ya serikali ya mtaa.

## Hatua ya 4: Lichuje kila swali kabla halijatoka

Usiku mmoja muulizaji wetu alituma: "Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?" Kwenye daftari lake alikuwa ameandika 1961. Wanne wakajibu 1961. Kijana mmoja akajibu 1964. Mzee wetu mwenye asili ya Unguja akaandika neno moja: "Haikupata."

Mzee alikuwa na hoja. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wa kwake kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, na jina lenyewe la Tanzania likaja baadaye mwaka huohuo. Nchi yenye jina hilo haikuwahi kutawaliwa na mkoloni hata ipewe uhuru. Lakini muulizaji aling'ang'ania daftari lake, ubishi ukafika saa sita usiku, na mzee hakuonekana kijiweni wiki mbili. Kosa la nani? La swali.

Tangu hapo kila swali linapita kwenye vichujio vinne.

Kichujio cha kwanza: kuna neno lisilopimika? "Kubwa", "maarufu", "bora", "muhimu". Uliza "Ziwa gani ni kubwa kuliko yote Afrika?" na umeshajitafutia balaa. Kwa eneo ni Victoria. Kwa kina na kwa wingi wa maji ni Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Andika "lenye eneo kubwa zaidi" au "lenye kina kirefu zaidi", na ubishi umekwisha kabla haujazaliwa.

Kichujio cha pili: jibu lina tarehe? Idadi ya watu, bei, nafasi kwenye ligi, majina ya wakuu wa mikoa, vyote vinabadilika. Usiulize "Tanzania ina watu wangapi?" Uliza "Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Tanzania ilikuwa na watu wangapi?" Jibu ni 61,741,120. Na kwa kuwa hakuna atakayelitaja hadi mtu wa mwisho, andika kabisa kwenye swali: "Atakayekaribia zaidi ndiye mshindi." Sheria ya kukaribia ni nzuri sana kwa namba zote kubwa; inampa kila mtu sababu ya kujibu hata kama hajui.

Kichujio cha tatu: jibu linakubalika kwa sura ngapi? Ukiuliza mwandishi gani mzaliwa wa Zanzibar alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amua mapema kama "Gurnah" peke yake inatosha au lazima Abdulrazak Gurnah, na kama atakayekosea herufi anapewa. Ushauri wangu: mpe. Hili siyo imla. Lakini uamuzi uandikwe kwa kalamu nyekundu kabla ya saa tatu, usiamue baada ya kuona nani amekosea. Ukiamua baadaye watasema umembeba shemeji yako.

Kichujio cha nne: umelithibitisha mahali pawili? Viwe vyanzo viwili visivyonakiliana: tovuti ya taasisi husika na kitabu cha shule, au gazeti na tangazo rasmi. Picha iliyosambazwa yenye maandishi meupe juu ya rangi nyeusi siyo chanzo. Programu za akili mnemba nazo ni za kuziangalia. Zinajibu kwa uhakika mkubwa hata zinapokosea, na kwa mambo ya wilaya zetu zinakosea sana.

Ukimaliza, msomee swali mtu asiyecheza, mke, mume, jirani. Usimuulize kama anajua jibu. Muulize, "Hapa unaulizwa nini?" Akianza kwa "inategemea", rudi mezani.

Swali lililoiva utalijua hivi: aliyekosa anasema "aah!", hasemi "lakini".

## Hatua ya 5: Swali la habari, na mipaka yake

Fungu hili ndilo linalofanya watu wasikilize redio na wasome magazeti tena, na ndilo linaloweza kuwaingiza matatani.

Chagua habari zenye kitu cha kushika: tarehe, namba, mahali. Mfano mzuri ni bei za mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei zinatofautiana kwa maeneo. Kwa hiyo swali litaje mji: "Kuanzia Jumatano hii, bei kikomo ya lita moja ya petroli Dar es Salaam ni shilingi ngapi?" Mnaokaa Sumbawanga tajeni Sumbawanga. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo yana maswali mengi: mikoa gani imetajwa kwenye angalizo la mvua kubwa, kwa siku zipi.

Sasa yasiyogusika. Misiba, ajali iliyotokea jana, kesi ya mtu mnayemfahamu, ndoa iliyovunjika nyumba ya tatu kutoka hapo. Hata kama kila mtu anaijua, haiwi swali. Mtu anayechekwa kwenye swali la tano ana binamu kwenye grupu lenu.

Na tetesi usiziguse kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachohusu kusambaza taarifa za uongo, na kusema "ilikuwa chemsha bongo tu" si utetezi wa kuutegemea. Kanuni yetu ni fupi: kama huwezi kutaja chombo kilichotangaza na siku kilipotangaza, swali halitoki.

## Hatua ya 6: Kutuma, kujibu, kufunga

Hapa ni mwendo wa saa tu, fuata kama ulivyo.

1. Saa tatu kasoro dakika tano: admini anafunga grupu ili maadmini pekee waweze kuandika. Mwenye zamu lazima awe admini siku hiyo.
2. Saa tatu kamili: maswali yote matano yanatumwa kwa ujumbe mmoja wa maandishi. Msitume picha wala sauti. Mwenye bando la kuunga ataachwa nyuma, na wa kitochi anapelekewa yaleyale kwa SMS dakika hiyohiyo.
3. Hadi saa tatu na dakika kumi: kila mtu anamtumia muulizaji majibu yake inboksi, ujumbe mmoja tu. Kwa nini inboksi? Kwa sababu majibu yakitumwa wazi, wa pili anamwangalizia wa kwanza, na wa saba anaokota yaliyokubaliwa na wengi.
4. Saa tatu na robo: muulizaji anatuma majibu sahihi, vyanzo vyake, na nani kapata ngapi. Grupu linafunguliwa. Sasa pigeni kelele.

Ujumbe uliohaririwa haupokelewi. WhatsApp yenyewe inaonyesha kama umehaririwa. Uliofutwa na kutumwa upya nao haupokelewi. Saa iliyoandikwa kwenye ujumbe ndiyo hakimu, hata kama mtandao ulisumbua. Najua hilo la mtandao linauma, lakini ukimhurumia mmoja leo, kesho mtandao utasumbua kwa kila mtu.

Je, kuna watakaomuuliza Google ndani ya dakika kumi? Wapo, na hutaweza kuwazuia wote. Maswali ya mfukoni na ya mtaani yanawapunguza kasi, na siku ya kukutana kijiweni mtu anaulizwa ana kwa ana simu zikiwa kwenye sinia. Aliyekuwa anapata tano kila usiku akaambulia moja mbele ya watu atajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa.

## Hatua ya 7: Pointi na rufaa

Jibu sahihi pointi moja, kosa sifuri. Nusu pointi marufuku, nusu ndiyo mama wa ubishi.

Kila Jumatatu mnaanza upya kutoka sifuri. Mwanzoni sisi tuliziacha pointi ziendelee kujumlishwa, na baada ya miezi mitatu aliyeongoza alikuwa mbali kiasi kwamba wa chini hawakuona haja ya kuamka. Mkianza upya kila wiki, aliyevurunda wiki hii ana Jumatatu yake. Mabingwa wa wiki andikeni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari.

Anayepinga jibu ana muda hadi saa sita mchana ya kesho yake, na anakuja na ushahidi. Maneno matupu hayasikilizwi. Anaamua mtu ambaye zamu yake ya kuuliza ni siku inayofuata. Akikubali rufaa, swali linafutwa kwa wote. Msimrudishie mmoja na kumnyang'anya mwingine, hata kama haki inaonekana wazi. Likifutwa hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na watu wanalala.

Kuhusu pesa: msichangishane elfu mojamoja ili mshindi abebe. Hapo mmeshavuka kwenda kwenye kamari, ambayo ina bodi yake na leseni zake, na wenzenu wengi watajitoa kwa sababu ya dini zao. Zawadi ya kwetu ni kikombe cha kahawa na kashata mbili, analipa aliyeshika mkia. Mshindi anavyoipuliza ile kahawa polepole huku anamtazama wa mwisho, laki moja haiwezi kuifikia.

## Karatasi ya usiku wa kwanza

Ili usikwame mwanzoni, chukua haya matatu:

La mfukoni: LUKU ni kifupi cha maneno gani? Jibu: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Atakayeandika "kadri" mpe.

La nchi: Taja wilaya zote tano za Mkoa wa Dar es Salaam. Jibu: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni. Lazima zitimie zote. Wengi wataishia nne.

La michezo: Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa mji gani? Jibu: Christchurch, New Zealand. Atakayetaja nchi bila mji hapati, kwa sababu umeulizwa mji.

La habari nenda kaliokote kwenye ubao wa bei wa kituo cha mafuta kilicho karibu nawe, kisha ulilinganishe na tangazo. La mtaani sina namna ya kukusaidia. Toka nje kabla giza halijaingia, hesabu kitu.